Bodi ya saketi yenye umbo la jahazi: nichore KiCad, Inkscape au FreeCAD?

tanga_mbili
Wakuu, salaam. Nataka kutengeneza beji za klabu yetu ya elektroniki shuleni: bodi yenye umbo la jahazi, urefu mm 70, taa sita za LED kwenye tanga na betri ya CR2032 mgongoni. Bodi zote nilizowahi kuchora ni mstatili, pembe nne basi. Sasa kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja anasema nichore mstari wa mpaka wa bodi humo humo KiCad, programu ya kuchora saketi, mwingine Inkscape, ya michoro, halafu niingize faili la SVG, wa tatu anaapia FreeCAD, ya vipimo vya kihandisi, na faili la DXF. Ipi ina usumbufu mdogo?

fundi_tupa
KiCad yenyewe inatosha. Chagua leya ya Edge.Cuts, ile ya mpaka wa bodi, piga mistari na matao, kazi imekwisha. Nilitengeneza bodi ya saa kama pete: duara la nje, duara la ndani, programu ikaelewa yenyewe kwamba katikati ni tundu. Taa 12 nikazipanga kwa amri ya kuzungusha safu, nyuzi 30 kila moja.

MamaSaketi
Pete na jahazi ni vitu viwili, mkuu. Duara lina kitovu, unaandika namba yake unalala. Tanga lililojaa upepo ukilichora kwa matao ya KiCad utakesha.

Mimi ningekwenda Inkscape. Weka picha chini, ufuate mkunjo juu yake, hifadhi SVG, ingiza KiCad ukichagua leya ya mpaka. Ila vipimo! Kabla ya toleo 0.92 Inkscape ilihesabu pikseli 90 kwa inchi, tangu hapo ni 96. Niliingiza faili la zamani, duara langu la mm 60 likawa 56.25. Kwa macho ni lile lile. Nimekuja kugundua bodi zimeshafika, zinacheza ndani ya kasha kama njugu kwenye debe. Siku hizi nachora pembeni mstari wa mm 50, nikishaingiza naupima kwanza, ndipo naufuta.

nyuzi360
FreeCAD inalipa pale bodi inapoingia kwenye kasha lenye matundu ya skrubu yaliyokwisha kupangwa. Kwa beji isiyo na kasha ni kuchinja kuku kwa panga. Halafu wanaotumia DXF hukwama sana kwenye vipimo: umechora kwa milimita, programu ikasoma inchi, bodi inakuwa kubwa mara 25.4. Hilo angalau utaliona mara moja.

Swali langu ni jingine. CR2032 ina kipenyo cha mm 20, na kishikio chake kinazidi hapo. Kiwiliwili cha jahazi lako kina kimo gani?

fundi_tupa
Sawa MamaSaketi, kwa tanga nakubali. Lakini hizo SVG huja na ncha zisizogusana, pengo la mia moja ya milimita, na KiCad inakataa kwamba mpaka haujafungwa. Nimewahi kutafuta pengo la namna hiyo saa nzima. Punguza vifundo, zile nukta zinazoshika mstari, kwenye Inkscape kabla ya kuhifadhi.

kisu_mm2
Mnabishana programu, kiwanda mmekisahau. Maumbo haya hukatwa kwa kisu kinachozunguka, mara nyingi kipenyo ni karibu mm 2. Pembe ya ndani, kwa mfano mlingoti unapokutana na sitaha, haitatoka kali, itakuwa na mviringo wa kama mm 1. Ichore hivyo mapema, usije ukashangaa. Shaba iache nyuma ya ukingo, mimi huweka mm 0.5.

Ukizipanga kadhaa kwenye paneli moja, yaani ubao mmoja wa kutenganisha baadaye, mfereji wa V wa kuvunjia haukufai, unakwenda mnyoofu tu. Tumia vishikizo vyenye vitundu vidogo. Ukivunja, pembeni panabaki pametafunwa kama na panya, kwa hiyo viweke chini ya mkuku na nyuma kwenye tezi, si kwenye tanga ambako kila mtu anaangalia. Meno yaliyobaki ni tupa na barakoa, vumbi la ile bodi ni nyuzi za kioo.

Na bei: viwanda vingi hupima mstatili unaolizunguka umbo. Zile sehemu tupu pembeni mwa tanga unazilipia.

tanga_mbili
Ahsanteni sana. Nimekwenda na Inkscape, mstari wa mm 50 umetoka 50 kamili. Nikachapa karatasi ya A4 kwa asilimia 100, nikakata kwa mkasi na kuweka betri juu. nyuzi360 umeniokoa: kiwiliwili kina mm 18, betri inaning'inia nje chini ya mkuku. Ncha ya foromali nayo imebaki mm 1.5, na nilipanga kupitisha njia mbili za shaba pale. Naongeza kimo cha chombo hadi mm 26 na taa ya juu naishusha kidogo. Nikirudi nitaweka mchoro hapa muukague kabla sijalipa.

MamaSaketi
Uweke na wa upande wa nyuma.