Wanafunzi wanachanganya uhalisia na uasilia wa Ulaya, niwafundisheje?

Mwalimu_Shangani (Mtwara)
Wakuu, salaam. Nina kikundi cha wanafunzi hapa Mtwara mjini, tunasoma mikondo ya fasihi ya Ulaya. Karne wamezikariri vizuri, ila ukiwapa aya isiyo na jina la mwandishi wanabahatisha tu. Uhalisia na uasilia ndiyo balaa kabisa. Kote wanajibu "inaonyesha maisha halisi". Mnawafundishaje kutofautisha kwa kusoma matini yenyewe?

Msomaji_Masasi
Heshima yako, mwalimu. Weka kando karne kwanza. Kwa kila aya waulize swali moja: kinachomsukuma huyu mhusika ni nini?

Kwenye urasimi wa Ufaransa, karne ya 17, ni wajibu unaovutana na moyo, tena ndani ya tamthiliya iliyobanwa na kanuni: tukio moja, mahali pamoja, saa 24. Kwenye ulimbwende hisia za mtu ndizo zinazotawala, na bahari au dhoruba inachafuka pamoja naye. Kwenye uhalisia ni pesa, tabaka, ndoa na maneno ya majirani. Kwenye uasilia ni damu na mazingira: mtu karithi kitu, mazingira yanakichochea, hiari yake inabaki ndogo.

Hapo kwenye urithi kaa nao sana. Mwaka 1880 Zola, mwandishi Mfaransa wa uasilia, alitoa insha akitaka riwaya ifanye kazi kama jaribio la kisayansi, kwa kufuata mbinu za mtaalamu wa tiba Claude Bernard. Ndiyo maana katika riwaya yake *Germinal* (1885) Étienne, mchimba makaa, anaiogopa pombe: ukoo wake una historia ya ulevi, naye akinywa inampanda hamu ya kuua. Emma, mhusika mkuu wa *Madame Bovary*, riwaya ya uhalisia ya Mfaransa Flaubert, hana mzigo wa namna hiyo. Anazama kwa hati za madeni, moja baada ya nyingine, na msomaji anaona kila deni lilivyoanza.

Kisha wape zoezi. Mkulima kafikisha korosho ghalani, karani kampangia daraja la pili. Tukio hilohilo waliandike mara tatu, mistari sita au saba kila aya. Ya ulimbwende, mkulima anatoka nje na uchungu wake, na upepo kwenye mikorosho unalia naye. Ya uhalisia, tuone kilo, makato, deni la salfa (dawa ya mikorosho) na nani anamdai. Ya uasilia, joto la ghala, vumbi kooni, na hasira ileile ya baba yake ikimpanda kabla hajaamua lolote.

Kosa litakalojitokeza: kwenye aya ya tatu watajaza uchafu na umaskini wakidhani wamemaliza kazi. Uchafu upo hata kwenye uhalisia. Kama aya haionyeshi chanzo kilicho nje ya uwezo wa mhusika, irudishwe.

Vina_na_Mizani (Lindi)
Zoezi zuri sana hilo. Kabla hawajaandika, wasimulie maonyesho ya kilimo katika *Madame Bovary* (1857), sehemu ya pili, sura ya 8. Mwanamume aitwaye Rodolphe yuko ghorofani akimtongoza Emma, huku chini zinatangazwa zawadi za wakulima. Anatamka neno la mahaba, linadakizwa na tangazo la zawadi ya samadi. Flaubert hatoi hukumu, anazipanga sauti mbili tu. Papo hapo kikongwe mtumishi anapewa medali ya fedha ya faranga 25 kwa kutumikia shamba moja miaka 54. Huo ndio uhalisia: hesabu inasema yenyewe.

Kwa ulimbwende anzia kwenye umbo, maana wanaojua tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) watakuelewa upesi. Mshororo wa urasimi wa Kifaransa una mizani 12, na pumziko baada ya ya 6. Mwaka 1830, kwenye tamthiliya *Hernani*, Hugo, mwandishi wa ulimbwende, aliianza sentensi katika mshororo wa kwanza, akaimalizia wa pili. Watetezi wa kanuni walichachamaa, na vurugu za ukumbini Paris zimeingia kwenye historia ya fasihi.

Mwalimu_Shangani
Shukrani sana, wakuu. Na aya ikiwa na dalili za mikondo miwili?

Msomaji_Masasi
Hiyo ni kawaida, wasiogope. Humohumo kwenye *Germinal* mgodi unaelezwa kama mnyama aliyejikunyata akimeza watu, picha ambayo mlimbwende yeyote angeifurahia. Mwanafunzi ataje mkondo unaotawala, kisha ule wa pili, na kila dai alibandikie maneno ya kwenye aya. Dai lisilo na maneno ya kwenye aya usilipe alama.