Kanisa limechanganyika lugha na umri, tugawe ibada au tubaki pamoja?

Mjumbe_wa_Baraza:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni mawazo yenu maana hili jambo linaninyima usingizi kweli. Mi ni mzee wa kanisa, na hii miaka michache sura ya usharika wetu imebadilika kabisa, zamani karibu wote tulikuwa wa lugha moja na tumekulia kwenye tenzi zilezile, sasa kuna familia zimehamia kutoka nchi zingine, kuna vijana ambao lugha ya wazazi wao wanaisikia ila kuiongea hawawezi, kuna ndoa za mchanganyiko, na kuna waliookoka juzijuzi ambao ukisema fungua Zaburi unaona wanamwangalia jirani.

Baraza limegawanyika. Wengine wanataka ibada tatu, ya wazee, ya wageni na ya vijana. Wengine wanasema tukifanya hivyo tumeshakuwa makanisa matatu yanayopokezana jengo. Na siyo kwamba hatujafanya kitu, maneno ya nyimbo yako kwenye projekta, kwaya inaimba kwa lugha tatu, ibada inarushwa mtandaoni kwa wagonjwa na walio safarini. Lakini kuna mama mmoja, mwaka wa nne huu anasali na sisi, aliniambia, "Mzee, kila Jumapili mnatukaribisha vizuri sana. Lini tutaacha kuwa wageni?" Nilikosa la kumjibu. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

sauti_ya_nne:
Gaweni ibada mzee wangu. Mtu anaweza kufanya kazi kwa lugha yoyote ila akifiwa anamlilia Mungu kwa lugha ya mama yake. Wale wamisionari Kirilo na Methodi walipoenda Moravia, huko Ulaya ya kati, mwaka 863 walienda na herufi mpya kabisa ili Waslavi wasome Neno na kuabudu kwa lugha yao. Luther naye alitoa Agano Jipya la Kijerumani 1522. Kumlazimisha mtu asikilize mahubiri ya saa nzima asiyoyaelewa ili tu tuonekane wamoja sioni kama ni upendo.

Dada_Mkalimani:
Shikamoo mzee. Mi nimekalimani kanisani miaka mingi na nakuomba kabla ya kuamua ratiba msome Matendo 6 pamoja hapo barazani, polepole. Wale wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliozungumza Kigiriki, walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, shida ilikuwa lugha na asili kabisa kama hiyo yenu. Sa angalia mitume walivyofanya, hawakuwatungia wimbo wala hawakuwapa siku yao maalum. Walisema chagueni watu saba wasimamie, na majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yaani ule ugawaji mzima, wa wajane wa pande zote mbili, uliwekwa mikononi mwa watu wenye majina ya upande uliokuwa unalalamika!

Kwa hiyo swali langu mzee, kwenye baraza lenu wako wangapi kutoka hizo familia zilizohamia? Nani anahesabu sadaka? Nani anaamua mgonjwa yupi atembelewe wiki hii? Maana mi nimeona makanisa yanabadilisha muziki, wanabadilisha taa, wanaweka bendera za nchi zote ukutani, halafu kikao cha bajeti wanakaa walewale. Yule mama nadhani hiyo ndo alikuwa anaisema. Mgeni anakaribishwa, ila mwenyeji anaulizwa.

Na kijana wa miaka 22 naye ni hivyohivyo, wengi wanaoacha kusali siyo kwamba wimbo ulikuwa wa zamani, ni kwamba alikuwa na maswali mazito kuhusu imani na akaambiwa aache ubishi.

MsomaNeno:
Nakubaliana na dada ila niweke tahadhari. Kubadilika kuna mpaka. Matendo 15 mitume waliondoa sharti la tohara kwa mataifa, yaani wasio Wayahudi, lakini hawakusema basi kila mtu aishi anavyoona, waliwaandikia wajiepushe na vilivyotolewa sadaka kwa sanamu na uasherati. Paulo anasema amekuwa hali zote kwa watu wote, na sababu anaitaja, apate kuwaokoa baadhi yao. Nikiona kanisa linapunguza habari ya toba ili watu wasiondoke, hapo naogopa.

mkatoliki_wa_asubuhi:
@MsomaNeno ni kweli kaka, ila mpaka wenyewe tunaweza kuuchora vibaya. Sisi Wakatoliki mwaka 1742 Papa Benedikto XIV aliwakataza kabisa waamini wa China kushiriki desturi za kuwaheshimu wahenga wao na Konfyusi, yule mwalimu wao wa hekima wa kale, ikaja kulegezwa 1939 chini ya Pio XII. Karibu miaka mia mbili! Watu waliambiwa wachague kati ya Kristo na heshima kwa babu zao. Halafu kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikani, ule mkutano mkuu wa maaskofu, kwa ile hati ya liturujia ya 1963, mlango wa utamadunisho, yaani kuabudu kwa desturi za watu wenyewe, ukafunguka, na 1988 Roma ikaidhinisha misale, yaani kitabu cha misa, ya majimbo ya Zaire (leo Kongo DR) ambayo ndani yake wahenga wenye mioyo minyofu wanatajwa mwanzoni mwa misa. Kwa hiyo kabla ya kusema hiki ni upagani, muulizeni kwanza anayekifanya kina maana gani kwake.

Mjumbe_wa_Baraza:
Marahaba binti, na asanteni wote. @Dada_Mkalimani umenigusa pabaya, nimehesabu, tuko kumi na mmoja barazani na wote ni wa lugha moja, mdogo kuliko wote ana miaka 51. Kikao ni Alhamisi. Nitaomba ajenda ya ratiba isubiri, tuanze na nafasi za uongozi, na yule mama nimeshampigia simu nikamuomba aje aseme mwenyewe badala ya mimi kumsemea. Amekubali, ila ameuliza kama kutakuwa na mkalimani. @Dada_Mkalimani, wenzenu mnaweka mkalimani hata vikaoni au ni kwenye ibada tu?

Dada_Mkalimani:
Vikaoni ndo muhimu zaidi mzee. Na akae pembeni yake mama, siyo kule mbele kwa mwenyekiti.