Mnaouza Steam Deck "yenye gemu elfu kumi" hapa Lubumbashi, mnatuibia mchana kweupe

Wandugu, salamu baadaye. Leo nimekuja na hasira.

Kuna mtindo umeingia hapa mjini. Mtu analeta Steam Deck iliyotumika, ile kompyuta ya mkononi ya kuchezea gemu, imepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, katikati ya mzigo wa simu, anaichomeka memori kadi, anapandisha bei, kisha anabandika karatasi kwenye kioo cha duka: "PC ya mkononi, gemu 10,000 ndani, PlayStation, PS2, Nintendo, ZOTE." Unalipa kwa dola, na noti ikiwa na kamchaniko kadogo pembeni, anakurudishia. Anaigeuza, anaiinua kwenye mwanga, anaipapasa kwa kidole gumba. Lakini wewe ukishika mashine yake zaidi ya dakika mbili anaanza: "Shefu, yote iko ndani, weye lipa tu utacheza."

Haya, nimelipa. Tuangalie hiyo "yote".

Gemu zote za NES, ile Nintendo ya zamani, zilizouzwa rasmi Marekani hazifiki 800. Sasa folda ya NES peke yake ina maelfu. Yametoka wapi? Gemu ileile imewekwa ya Marekani, ya Ulaya, ya Japani, halafu zile za kuchezewachezewa na watu, mara Mario amepakwa kijani, mara amebadilishwa kofia, na kila moja inahesabiwa. Ukifika Super Nintendo ni wimbo uleule. Kwa hesabu hiyo hata mimi naweza kukuuzia elfu ishirini kesho asubuhi.

Lakini hilo ni dogo. Kadi yenyewe imeandikwa 512 GB. Gemu nyingi za PS2 zinawaka vizuri, unaona nembo, unaona menyu, unachagua timu, halafu skrini ya kupakia inaganda hapohapo. Kila mara mahali palepale. Nimeipitisha kwenye H2testw, ile programu ya bure inayojaza kadi yote kisha inasoma tena ilichoandika. Kadi ni ya 64. Wameipiga uongo ndani ili ijitangaze kuwa ni 512; ukiijaza kupita uwezo wake, kinachoandikwa baadaye kinapotea au kinafuta cha kwanza, na jina la faili linabaki palepale likikuchekea. Diski moja ya PS2 ya DVD inafika GB 4 na zaidi. Piga hesabu mwenyewe ni ngapi zinaingia kwenye 64.

Na naomba asije mtu hapa kuniambia "mashine ni dhaifu, PS2 ni nzito". Nimechoka na jibu hilo. Steam Deck ina prosesa ya AMD ya kori 4 na RAM ya GB 16. PlayStation ya kwanza, ya mwaka 1994, ilikuwa na prosesa ya megahezi 33 na RAM ya MB 2. PS2 yenyewe megahezi 294. Ndiyo, kuiga ni kazi, kwa sababu emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, inatafsiri kila amri ya prosesa ya zamani kwenda kwenye prosesa nyingine kabisa, tena kwa wakati uleule. Hata hivyo Deck inaibeba PS2 bila kelele kwa gemu nyingi mno. Kinachoiua ni mikono ya aliyeipanga.

Angalieni alichofanya. Kwanza ameifuta SteamOS, mfumo wa uendeshaji uliokuja nayo, akaweka Windows, eti ionekane "ordinatere ya kweli", yaani kompyuta. Pili, ameweka PCSX2, emuleta ya PS2, toleo la 1.4. Hilo ni la Januari 2016! Toleo la 2.0 limetoka 2024, lina Vulkan, njia ya kisasa ya kuchora picha, limebadilika kabisa ndani. Unamwekea mtu programu iliyoizidi mashine yenyewe umri kwa miaka sita, kisha unamwambia gemu ni nzito?

Tatu ndilo lililonipandisha mori. Gemu za mpira alizoweka ni za PAL, yaani za Ulaya, zinazokwenda picha 50 kwa sekunde. Skrini ya Deck hii iko kwenye hezi 60. Ukiacha hivyo, kila picha ya tano inaonyeshwa mara mbili, na mpira mrefu ukipigwa kutoka winga unauona unaruka-ruka hewani. Bwana mkubwa ameliona hilo, na dawa yake ilikuwa nini? Amekwenda kwenye mipangilio, pale penye fremu za PAL, akafuta 50 akaandika 60. Basi! Sasa mchezo mzima unakwenda asilimia 20 haraka kuliko ulivyotengenezwa. Saa ya mechi inakimbia, kipa anaruka kabla hujajua umepiga, na mtangazaji anaongea kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya PS2 huku Katuba, tukilipa mechi kwa mechi, tunajua penalti inapigwa kwa mwendo gani. Huwezi kutudanganya hapo.

Na kulikuwa na njia rahisi kuliko zote. Kwenye SteamOS unabonyeza kile kitufe cha nukta tatu upande wa kulia, unashusha skrini hadi hezi 50, imekwisha. Palepale unapunguza na wati za prosesa. Mwisho wake ni 15; gemu ya PlayStation ya kwanza haihitaji hata nusu. Betri ya hii yangu ya LCD ni ya wati-saa 40. Mashine nzima ikinywa wati 20 una saa mbili, ikinywa 8 una saa tano. Kwa mtu wa Lubumbashi, ambaye umeme unakatwa jioni na haujulikani unarudi lini, hizo saa tatu za tofauti ndizo sababu ya kununua kitu cha mkononi! Yeye ameiacha iunguruze wati zote hata kwa Super Nintendo, feni inalia, mikono inachemka.

Nimerudi dukani. "Shefu, njo vile iko. Kama unataka ya muzuri, ongeza ingine kidogo ya installation." Installation ya nini, papa? RetroArch, inayokusanya emuleta nyingi pamoja, ni ya bure. PCSX2 ni ya bure. Dolphin ya GameCube ni ya bure. Walioziandika wanazitoa bure kwa dunia nzima, na BIOS ya PS2, programu yake ya ndani ya kuwashia, hawakupi kwa sababu ni mali ya Sony, uitoe kwenye mashine yako mwenyewe. Huyu amechukua vya bure, akachanganya na vya wizi, akaviharibu, sasa anataka nimlipe aviharibu upya. Garantii hakuna, na Steam Deck haiuzwi rasmi Kongo, kwa hiyo wanajua hatuna pa kwenda kushtaki.

Mnaoandika "we sasisha tu", mega za intaneti mnanunua nyinyi? Windows yenyewe imeshakula furushi langu kwa masasisho yake nikiwa sijagusa chochote.

Ninachotaka ni hiki. Aliye Katuba, Kamalondo au komini ya Kenya hapa mjini, mwenye faili ya kurejesha SteamOS kwenye flashi, aniandikie inbox, nitakuja na flashi yangu. Na mwenye kisomeo cha DVD cha USB aniazime, diski zangu za PS2 bado ninazo, nitazinakili mwenyewe. Kama na wewe umeuziwa kadi ya namna hii, ipime, weka hapa picha ya matokeo pamoja na bei uliyopigwa. Muuzaji akipita kwenye uzi huu na kujitambua, ajibu hapahapa mbele ya watu, asinifuate pembeni.

Anayekuja kuniambia ninunue PS5 apite tu.