Naomba ushauri: kupiga picha sura za watu kwenye miamba

Wadau habari zenu, mimi nikisafiri macho hayatulii, kila jiwe naliona lina pua na mdomo. Juzi nilikuwa Iringa nikashuka korongo la Isimila, pale kwenye zile nguzo zilizochongwa na maji ya mvua miaka na miaka, aisee kuna moja ni mzee kabisa na kidevu chake na kofia, ila kwenye simu inatoka udongo mtupu. Wife anasema nimeanza kuchanganyikiwa, wakati wataalamu wanasema ubongo wa binadamu ndo ulivyo, unatafuta sura kila mahali. Sasa mwezi ujao napita Mwanza, kule kwenye mawe yenyewe, nipige saa ngapi kivuli kitoe macho vizuri, asubuhi au jioni? Simu yangu ya kawaida tu, msiniambie ninunue kamera.