Gari la zamani likikataa kuwaka, shida ulipata wapi? Tupeane uzoefu

Dereva wa Lanet
Wadau, baridi ya Julai imeingia Nakuru, na mtaani kwetu kila asubuhi kuna gari linasukumwa. Kinachoniudhi ni kwamba mtu akisikia stata (mota inayozungusha injini ili iwake) imegoma, wa kwanza kushtakiwa ni betri. Anakopa, ananunua mpya, na wiki inayofuata yuko palepale akitafuta vijana wa kusukuma. Tuweke visa hapa: gari gani, lilitoa sauti gani, mwishowe ilikuwa nini. Sauti ni lazima. Ukisema "lilikataa tu" hatutakusaidia.

Naanza. Corolla 110. Nikizungusha ufunguo, "ta-ta-ta-ta" mfululizo. Kila jirani: betri! Lakini taa kubwa nilikuwa nimeziwasha, na hazikufifia hata kidogo stata ilipokuwa ikilia. Betri iliyoisha haifanyi hivyo, taa hulegea mara moja. Nikaazima mita ya kupima umeme. Betri ikiwa imetulia, volti 12.5. Haina neno. Nikashika taminali hasi kwa ncha moja, ncha ya pili nikaigusisha kwenye chuma cha injini, mama watoto akapiga stata. Hapo mita haifai kupita volti 0.2 hivi, yangu ikaruka kupita 3. Yaani umeme unatoka vizuri, njia ya kurudi ndiyo imeziba. Waya wa arthi wa injini, ule unaorudisha umeme kwenye betri, ulikuwa na ganda safi kabisa kwa nje. Nilipoukunja karibu na kichwa chake ukamwaga unga wa kijani. Waya mpya, msasa kidogo mahali bolti inaposhika, basi.

Nyarkondele
Sisi Kisumu hatuna baridi ya kusingizia, ila betri zinatufia vilevile. Joto ndilo linalozimaliza, baridi huja tu kufichua iliyokwisha kuchoka. Kama yako ni ya vifuniko, fungua uangalie maji. Yakipungua ongeza maji ya betri yaliyosafishwa. Usiongeze asidi, hata kama muuza duka anakusukumia. Kilichokauka ni maji.

Mwalimu Webuye
Langu lilikuwa na ugonjwa wa wikendi. Ijumaa jioni linawaka vizuri, Jumatatu asubuhi kimya, hata saa ya dashibodi imezima. Ukilijampu kwa betri ya gari lingine linawaka, na siku za kazi halisumbui. Betri ilipimwa dukani ikapita.

Gari likilala na bado linakula umeme, kuna mahali unavuja. Nilitoa waya hasi wa betri, nikaweka mita katikati ya waya na taminali, kwenye upande wa ampia 10. Milango imefungwa, ufunguo mfukoni, na unangoja kidogo vifaa vyote vitulie. (Mita ikiwa hapo usithubutu kupiga stata, fyuzi yake itakatika.) Gari la kawaida husoma chini ya miliampia 50. Langu lilikuwa likila ampia 0.4, yaani miliampia 400. Kwa saa 60 hizo ni ampia-saa 24, na betri yangu nzima ni ya 45. Hesabu ilikubali.

Basi nikaanza kutoa fyuzi moja moja huku nikiangalia mita. Redio, hakuna. Taa za ndani, hakuna. Honi, hakuna. Nikazimaliza zote na namba haikutikisika. Nilishaanza kushuku alamu aliyofunga mwenye gari wa zamani, maana hizo waya zake mafundi huzipitishia popote. Nikaitoa. Bado. Ndipo nikatoa betri kabisa, nikafungua ule waya mnene nyuma ya altaneta (ndiyo huchaji betri injini ikinguruma), nikauzungushia tepu, nikarudisha betri. Mita ikaanguka karibu na sufuri. Diodi moja ya altaneta, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ilikuwa imekufa na kuacha umeme urudi kinyume usiku kucha. Fundi mmoja Bungoma akabadilisha sahani ya diodi tu, altaneta ni ileile.

Mama Shiru wa Kakamega
Nissan, otomatiki. Kimya kabisa, hata "tak" hakuna, na taa zote zinawaka vizuri. Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. Aliniambia stata imekufa na akanitajia bei, nadhani aliona leso akaona pesa. Shemeji yangu akaingia, akasogeza gia kutoka P (ya kuegesha) hadi N (ya huru), akazungusha ufunguo, likawaka. Ilikuwa swichi ya gia, ile inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye D (ya kwenda). Wenye otomatiki, anzeni hapo. Ni bure.

Dereva wa Lanet
Dada, pole kwa huyo fundi, na asante kwa hilo la N.

Fundi Waya, Nakuru
Si sisi sote tuko hivyo, mama. Acheni niongeze sauti moja ambayo hamjaitaja: "tak!" moja kubwa, kisha kimya, taa zikibaki kali. Unarudia, unarudia, mara linashika kana kwamba hakukuwa na kitu. Toyota nyingi za miaka ya tisini zenye stata ya Denso huja kwangu na hilo. Ndani ya stata kuna vipande viwili vya shaba ambavyo huguswa na sahani kila ukiwasha. Vinalika. Nikifungua, mara nyingi kimoja kimebaki chembamba kama ukucha na kimeungua ukingo. Vipande hivyo huuzwa peke yake, na bei yake haikaribii stata nzima ya mtumba.

Kabla ya kufungua chochote pima. Mtu ashikilie ufunguo, wewe angalia waya mdogo wa stata. Umeme usipofika pale, tafuta kwenye relei (swichi inayowashwa kwa umeme), swichi ya ufunguo au gia. Ukifika, na waya mnene pia una umeme wa kutosha, arthi ni nzuri na mota haizunguki, kosa liko ndani ya stata. Mkishapima, kabla ya kufungua stata toeni waya hasi wa betri kwanza. Ule mnene hauna fyuzi, spana ikigusa bodi utaona moto.

Mzee wa Chavakali
Peugeot 504 ya pointi, yaani vile vigusano vya zamani vya kutoa cheche. Ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, lakini mvua ya huku kwetu haikuambiwa. Stata inazunguka kwa nguvu, injini haishiki, na ni baada ya mvua tu. Nilingoja usiku, nikafungua boneti, kijana akapiga stata. Cheche za buluu zikawa zinatembea juu ya kifuniko cha distribyuta, ile inayogawia plagi umeme. Kina ufa mwembamba, ukiloa umeme unapita humo badala ya kwenda kwenye plagi. Kukausha kwa kitambaa hukupeleka sokoni na kukurudisha. Dawa ni kifuniko kipya.

Probox ya Molo
Mimi linawaka bila shida, ila usiku nikipanda Timboroa na taa kubwa, kile kitaa chekundu cha betri kinameta. Asubuhi pia kuna mluzi nikiwasha.

Fundi Waya, Nakuru
Pima betri injini ikinguruma, taa zikiwa zimezimwa kisha zikiwa zimewaka. Inatakiwa 13.8 hadi 14.5 hivi. Ikishuka kwenye 12 altaneta haichaji. Kwa huo mluzi, anza na belti inayozungusha altaneta.

Probox ya Molo
Nimerudi. Bila taa ilikuwa 13.9, nikiwasha taa na feni inashuka hadi 12.6. Belti ilikuwa inang'aa upande wa ndani na ina nyufa. Nimeweka mpya na kuikaza. Sasa inasoma 14.1 taa zikiwa zimewaka, na mluzi hakuna.