Tromsø hadi Longyearbyen: mbona ramani ya ukutani haikubaliani na ratiba ya ndege?

Mwalimu wa Chumbageni
Ndugu wanajukwaa, salaam kutoka Tanga. Wanafunzi wangu wamepima kwa rula, kwenye ramani ya dunia iliyobandikwa darasani, umbali kati ya uwanja wa ndege wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, na ule wa Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard. Kwa kipimo cha ikweta kilichoandikwa chini ya ramani, wamepata kilometa 3,500 na ushei. Ratiba, hata hivyo, huonyesha saa moja na dakika 40 hivi, na hakuna ndege ya abiria inayoweza kuumaliza umbali huo kwa muda huo. Tuamini kipi?

Baharia wa Raskazone
Mwalimu, aminini ratiba. Bila shaka ramani hiyo ni ya Mercator, ambayo huichora mistari ya longitudo kana kwamba haikutani kamwe, ilhali duniani hukaribiana hadi kuungana kwenye ncha. Ili maumbo ya nchi yasipotoke, mchoraji hulazimika kuvuta pia urefu wa kwenda kaskazini. Hapa kwetu, nyuzi 5 kusini, mvuto huo hauonekani, lakini Tromsø hufikia karibu mara tatu na Longyearbyen karibu mara tano.

Iwekeni rula pembeni. Tromsø ipo nyuzi 69 na dakika 41 kaskazini, Longyearbyen nyuzi 78 na dakika 15 (dakika hapa si ya saa, bali ni sehemu ya sitini ya nyuzi moja). Tofauti ni dakika 514, na dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani kilometa 1.852, hivyo jibu ni kilometa 952. Kwa kuwa Longyearbyen imeelemea magharibi kidogo, safari halisi inakaribia kilometa 960.

Mkazi wa Ngamiani
Hesabu ya Baharia ni sahihi, ila vijana watauliza jambo jingine: kilometa 960 kwa mwendo wa kilometa 800 kwa saa ni saa moja na dakika 12 tu. Dakika zilizosalia huliwa uwanjani na angani karibu na uwanja, kwa sababu ratiba huanza kuhesabu ndege inapoondoka kwenye maegesho na kukoma inaposimama tena, na wakati wa kupaa na kushuka haiendi kwa mwendo wake kamili. Dar es Salaam hadi Mwanza, kilometa 850 hivi, nako ratiba huzidi hesabu ya mwendo mtupu. Saa za Tromsø na Svalbard ni zilezile, kwa hiyo hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Msafiri, lakini, achukue pasipoti, maana Svalbard iko nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti baina yao, ingawa ni ya Norwei.

Mwalimu wa Chumbageni
Ahsanteni sana. Shule ina tufe moja kuukuu. Je, uzi ukivutwa juu yake utatosha?

Baharia wa Raskazone
Unatosha kabisa, mradi uvutwe ukaze, kisha uupime kwenye ikweta ya tufe hilohilo.