Chumba kimoja tanuri, kingine baridi

Habari wakuu. Natunza boila kwenye jengo la zamani hapa Nairobi, vyumba viwili vya kukaushia mashuka. Rejeta, yaani vyuma vinavyopasha chumba joto kwa mvuke, zina bomba moja: mvuke unaingilia humo, maji yanarudia humo. Chumba cha karibu na boila mashuka yanageuka manjano. Cha mwisho asubuhi bado yana unyevu. Nilibana nusu vali ya rejeta ya chumba cha karibu, ikaanza kugonga kama nyundo. Nifanyeje?

— Ndugu, usiibane tena! Bomba moja, vali huwa wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ukiibana, maji yanakosa njia ya kurudi, mvuke unayarusha. Weka themostati, vali inayojifunga chumba kikipata joto, kati ya rejeta na kitoa hewa chake. Hewa isipotoka, mvuke hauingii. Lakini boila lazima liwe linazima na kuwaka. Maana rejeta ikishajaa mvuke, themostati haiuondoi.

— Kwa chumba cha mwisho, weka kitoa hewa kikubwa mwisho wa bomba kuu, na ulivike bomba koti la kuzuia joto. Rejeta umeipima mlalo?

— Nimeweka pima maji sasa hivi. Miguu ya upande wa kitoa hewa imezama kwenye mbao, maji yanatuama huko badala ya kurudi bombani. Kesho naiinua kwa vibao. Asanteni sana.